Gari Jembamba Haliitwi Kinu

Jang'ombe, 4 Mei 2025

Dada Radhiya,

Shikamoo. Najua utashangaa kuletewa karatasi na Jaku wa pweza wakati namba yangu ya simu unayo. Nimefanya makusudi. Kuanzia leo habari za mchezo wetu tusizitie kwenye simu, si kwa maandishi wala kwa sauti. Kuna mtu anatusikia.

Juzi kampuni moja ya Dar imetoa tangazo la mchezo wao mpya wa simu, wa vita kama wetu. Nimelitazama mpaka macho yamenivimba. Humo mna gari la deraya linalokamua maji kutoka hewani, jina lake Kifumbu. Mna jingine lenye kuba la chuma linalowafunika wenzake risasi zisiwapate, jina lake Kawa. Dada, nani mwengine anayaita magari ya vita kwa vyombo vya jikoni? Watu wote huyapa majina ya wanyama wakali, au majemadari waliokwisha kufa, au radi na tufani. Sisi tulikaa kwako Uroa, wewe unachora na mimi naandika, tukakubaliana kwamba uasi wa sayari ya Kame ulianza kwa wapishi wa mgodini, kwa hivyo jeshi lao litaita silaha zake kwa vile vitu walivyovishika mwanzo. Jeshi la Shirika, wenye mgodi, tukaliachia herufi na nambari, maana Shirika halitaki askari wake wapende gari hata moja. Fikra kama ile haiwajii watu wawili kwa bahati.

Sasa nisikilize bila ya kukasirika. Katika watu tuliowapa mchezo waujaribu yumo huyo anayejiita Mtu wa Pwani. Hasemi jina lake la kweli. Maoni yake ni marefu kuliko ya wote, na anaujua mchezo kama mtu aliyekaa chumbani na sisi. Wiki iliyopita alilalamika kwamba umeme ulikatika usiku, simu ikamzimikia, akapoteza mchezo wake. Huku mjini usiku ule umeme ulikuwepo. Ulikatika huko kwenu. Na huko kwenu, ukijitoa wewe, mchezo wetu unao nani?

Sitaki kumtaja shemeji. Lakini siwezi kuacha kumfikiria.

Ndugu yako,
Mudrik

*

Uroa, 8 Mei 2025

Mudrik,

Marahaba. Jaku kanikabidhi barua yako ikinuka pweza, na nilipomaliza kuisoma nikaona ile harufu ilikuwa ndiyo jambo jema lililomo ndani yake.

Kwanza kazi. Gari la kutandika daraja libaki Mwiko, lakini mkono wake uliouandika wewe ni mfupi. Mwiko mfupi unamuunguza mpishi. Jina la gari liseme kazi ya gari. Sheria hiyo tuliiweka sote wawili, na mimi sitaki kila siku nikufokee kwa ajili yake. Gari la kusagia kuta ni Mbuzi kwa sababu lina meno mbele kama mbuzi ya kukunia nazi. Kama umelipa jina kwa sababu linapendeza mdomoni, hilo jina litoe.

Nisalimie Bibi. Mwambie unga wa muhogo upo, namtafutia mtu wa kumletea.

Dada yako,
Radhiya

(Karatasi ya pili, ya Mudrik peke yake.)

Abdulwahid anapika hotelini tangu alfajiri mpaka wageni washibe. Akirudi mikono yote inanuka vitunguu. Huyo ndiye mwizi wako? Unakumbuka siku ile alipotuletea jina la gari la kubebea majeruhi? Ulimwambia, "Shemeji, hicho si chombo cha jikoni, wewe rudi kwenye samaki wako," na mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Tangu siku ile hajatia neno. Mtu asiyesikilizwa ataiba nini?

Lakini umenitia doa moyoni, na nakuchukia kwa hilo. Kila baada ya Isha anatoka na simu, anakwenda nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji. Anasema anazungumza na mama yake Mangapwani. Mudrik, mama mkwe wangu akishasali Isha analala.

*

Jang'ombe, 12 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Barua yako Bibi ameitaka isomwe. Unamjua, ukimsomea salamu peke yake anasema barua iliyorukwa ina maiti ndani, anaanza kuuliza nani kafa. Basi nimeisoma barazani, kutoka juu mpaka chini, kama nilivyokuwa nikimfungulia sauti zako kwenye simu. Bi Mwanakheir wa nyumba ya pili alikuwepo na kahawa yake. Nilipofika pale pa mwiko mfupi wamecheka wote wawili, na Bibi kasema umesema kweli. Karatasi ya pili niliikunja nikaitia mfukoni. Aibu ya nyumba ni ya nyumba.

Habari ya simu nyuma ya tangi haikunishangaza. Nimeyahesabu maoni ya Mtu wa Pwani, yote yanakuja baada ya Isha. Jana ameandika kwamba Mbuzi apunguziwe kasi, kwa sababu "kitu chenye meno hakikimbii, kinang'ata kikiwa kimekaa." Maneno ya nani hayo kama si ya mtu wa jikoni?

Mtegee, Dada. Mpe jina la uongo, usimwambie mtu mwengine, tuone litatokea wapi. Kama ni mwema mtego hautamuuma. Mchezo huu umeuachia kazi yako ya hoteli, na Agosti lazima tuupeleke kwa wale wanaotaka kuuchapisha. Tukienda na majina ambayo wengine wameshayatangaza, sisi ndio tutakaoitwa wezi.

Mudrik

*

Uroa, 17 Mei 2025

Mudrik,

Marahaba. Lile gari jembamba la upelelezi, la magurudumu matatu, nimeshalipatia jina. Liite Uteo. Linatangulia mbele kutenga adui na rafiki, kama uteo unavyotenga chuya na mchele. Usilibadilishe.

Bibi magoti ayachue kwa mafuta ya karafuu, asingoje baridi iingie.

Radhiya

(Karatasi ya pili, ya Mudrik peke yake.)

Nimefanya. Jana tukiwa tunakula nilimwambia Abdulwahid, kama mtu anayejisemea tu, kwamba gari la upelelezi tumeliita Kinu. Aliacha kutafuna. Akaniangalia. Halafu akasema, "Hewala," akaendelea kula.

Mudrik, hewala ile imenikosesha usingizi. Hakuuliza kwa nini, hakucheka. Mtu aliyeoana na mimi miaka yote hii nimemtazama akinawa mikono nikawa najiuliza, huyu ni nani?

*

Uroa, 25 Mei 2025

Mudrik,

Sikungoja tangazo lao jengine. Juzi alipokuwa anaoga nilichukua simu yake.

Mtu wa Pwani ni yeye.

Alipotoka nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi. Nikamuuliza ni yeye? Akasema, "Ni mimi." Hakuzunguka. Nikamuuliza kwa nini ajifiche kwa mkewe. Akasema, "Kwa sababu Mtu wa Pwani mlikuwa mnamsikiliza."

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilimwita mwizi, pale pale mlangoni, kwa sauti ya juu, majirani wamekaa nje wanachambua mwani. Nilimuona uso unabadilika. Aliingia ndani, akatia nguo mbili tatu kwenye mkoba, akapita pembeni yangu bila ya kunigusa. Amekwenda kwa mama yake. Funguo ameziacha juu ya friji.

Nasubiri Kinu kitokee ili nijue nilifanya haki. Unaona nilipofika? Naomba mume wangu awe mwizi.

Radhiya

*

Jang'ombe, 28 Mei 2025

Dada yangu,

Pole. Barua hii ya mwisho sikumsomea Bibi, nimemwambia Jaku hakuja. Ameniangalia sana.

Nakiri kitu kimoja. Maoni ya Mtu wa Pwani ndiyo yaliyokuwa bora kuliko ya wote, na nusu ya marekebisho uliyoyasifu yalitoka kwake, mimi nikayaleta kwako kama yangu. Lakini mtu anaweza kuwa na ulimi mzuri na mkono mrefu. Usimwite kwanza. Tungoje Kinu.

Mudrik

*

Uroa, 10 Juni 2025

Mudrik,

Sikusalimu.

Tangazo lao la pili limetoka na nimelitazama peke yangu. Kinu hakimo. Lile gari jembamba la magurudumu matatu limo, na wameliita Uteo.

Ulidhani nimemtegea mmoja? Nilikutegeeni nyote wawili. Kinu nilimpa Abdulwahid, Uteo nikakupa wewe kwa karatasi, na jina hilo sikumtamkia mtu mwengine yeyote. Wewe ndiye uliyetaka tuandikiane. Wewe ndiye uliyenionyesha mume wangu kwa kidole. Kumbe ulikuwa unanigeuza uso nisikutazame wewe.

Nimekulea tangu Mama alipofariki. Nguo zako za skuli nilizifua mimi. Kama ulitaka kuuza majina ungeniambia, ningekupa yote ukayauze, ukaniachia nyumba yangu.

Usiniandikie. Ukiwa na la kusema mwambie Bibi, yeye simu yake bado naipokea.

Radhiya

*

Jang'ombe, 13 Juni 2025

Mjukuu wangu Radhiya,

Ni mimi bibi yako, Mwatima binti Ubwa. Mudrik anaandika, mimi nasema, na nshamwambia asiruke kitu. Analia. Hilo pia nimemwambia aliandike.

Barua yako kanisomea. Alipofika "sikusalimu" akataka kuikunja, nikamwambia weye soma. Akasoma mpaka mwisho. Nikamuuliza, ehe, kwani huo uteo una nini hata uvunje nyumba? Akanieleza. Nikamwambia basi si weye wala si mume wa dada yako, uteo nimeutoa mie.

Sikiliza. Bi Mwanakheir ana mwanawe Dar, Shamsi, naye anatengeneza hiyo michezo ya simu. Bi Mwanakheir huja kwangu kila alasiri, tangu wewe hujazaliwa. Alikuwa akisikia sauti yako ikisema kifumbu hiki, kawa lile, na ulipoanza kuandika akawa anasikia barua. Siku moja, wewe bado hujaanza kuandika barua, kanambia, "Mwatima, wajukuu zako wana majina mazuri, na Shamsi wangu anatafuta majina, ana tabu na wakubwa zake. Nimpe?" Nikamwambia mpe. Kwani kifumbu changu? Kawa nimelivumbua mie? Mwaka mzima nnasikia majina ya jikoni kwangu, hajanambia mtu kwamba ni siri. Karatasi yako ya pili Mudrik aliikunja akaitia mfukoni, nikajua humo mna siri, sikuuliza. Ya kwanza kanisomea kwa sauti mbele ya kahawa. Sasa mie siri nitaijuaje? Mmeficha aibu, mkaanika mali.

Bi Mwanakheir nshamwita. Kasikitika mpaka kapandisha presha. Shamsi kapiga simu, anasema hakujua, lakini majina yashapita kwa wakubwa wake na hayarudi tena. Basi yamekwenda. Msigombane naye, ametumwa na mama yake.

Ndugu yako hana kosa la wizi. Ana kosa la kumpigia shemeji yake ngoma ya wizi, na hilo ataliomba radhi kwa miguu yake.

Majina yapo, mtapata mengine. Mume uliyemwita mwizi mlangoni, huyo ndiye wa kumtafuta. Kama miguu haikupeleki Mangapwani, andika. Na uandike karatasi moja.

Bibi yako,
Mwatima

(Dada, nisamehe. Hili kaniruhusu niliongeze mwenyewe. M.)

*

Uroa, 16 Juni 2025

Abdulwahid, mume wangu,

Assalaam alaykum. Natumai wewe na Mama hamjambo.

Sikuja mwenyewe kwa sababu naona haya kusimama mbele ya mama yako. Nimeambiwa niandike karatasi moja, na hii ndiyo.

Hukuiba. Majina yametoka barazani kwa Bibi, kwenye sauti zangu za simu na barua zangu mwenyewe, nilizoziandika kwa hadhari zote nikimtilia shaka kila mtu isipokuwa wale waliokuwa wakizisikiliza. Mudrik pia hakuiba, na yeye nimeshamtukana. Nilikutegea mtego, wewe na yeye kwa pamoja. Ndilo lile jina la Kinu. Nililisema tukiwa tunakula chakula ulichokipika wewe. Kila nikikumbuka hilo natamani kujificha.

Mtu wa Pwani nimemsoma tena, maoni yote tangu ya mwanzo. Yalikuwa mazuri. Yalinifurahisha kabla sijajua ni ya nani, na ningejua mapema pengine nisingeyasoma mpaka mwisho. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Majina yetu yote yamekwenda. Kifumbu, Kawa, Uteo, na mengine hatuwezi kuyatumia kwa kuwa watu watasema tumewaiga wao. Limebaki moja tu. Ni lile lako, la gari la majeruhi. Halikuibiwa kwa sababu mimi na Mudrik hatukuliandika popote, tulilicheka tukaliacha mezani. Mbeleko. Jana nimelichora gari hilo upya. Nimelitoa milango, nikampakia majeruhi mgongoni, amefungwa kwa mkanda mpana, kichwa kimelala. Nilipomaliza nikaona magari mengine yote yanaweza kulifuata. Kisutu, Ukaya, Shuka, Kikoi. Jeshi la watu waliokimbia mgodini usiku na nguo zao tu. Hii ni hadithi nzuri kuliko ile yetu, na ulitupa wewe mwaka jana.

Sikuombi urudi kwa ajili ya mchezo. Mchezo ukifa ufe. Nakuomba urudi kwa sababu nyumba imekuwa kubwa na sijui pa kukaa.

Ile siku uliposema "Hewala," ulikuwa unafikiri nini?

Mke wako,
Radhiya

*

Mangapwani, 19 Juni 2025

Radhiya,

Waalaykum salaam. Mama hajambo, anakusalimu. Hakuniuliza kwa nini nimekuja na mimi sikumwambia, kwa hivyo ukimuona usione haya.

Umeniuliza nilifikiri nini. Nilijua. Gari jembamba haliitwi Kinu. Mwaka mzima nakusikia kupitia ukutani ukimwambia Mudrik jina liseme kazi. Wewe uliyegombana na ndugu yako kwa urefu wa mwiko, utaliita gari linalotambaa kimya kimya kwa jina la kitu kinachosikika nyumba ya saba? Nikajua lile jina si la gari. Ni langu mimi. Nilisema hewala kwa sababu nilitaka kujua utanitegea mpaka wapi, na hapo na mimi nimekosa. Ningekuuliza pale pale, wali ungali moto.

Nyuma ya tangi nilikuwa nikiandika maoni. Huko mtandao ndiko unakoshika. Mama nilimsingizia.

Mchoro wa Mbeleko Jaku kanionyesha kwenye simu, ule uliompa. Ni mzuri. Usilitie bunduki. Mudrik atataka kulitia, mkatalie. Majeruhi aliyelala juu ya bunduki hapumziki, na adui akiona bunduki atapiga. Na mkanda ufungwe mbele kwa fundo, si kwa kufuli. Aliyefunga aweze kufungua kwa mkono mmoja.

Mudrik alikuja jana kwa miguu kutoka kituoni, jua kali. Kaomba radhi. Nimempa maji na samaki, tukacheka kidogo. Kwake yameisha.

Kwako hayajaisha, nakwambia mapema usije ukanisoma vibaya nikifika. Nitakuja Ijumaa ya wiki ijayo baada ya sala. Usinipikie, nitapika mwenyewe. Nina jambo moja tu.

Uliniita mwizi mlangoni, watu wakasikia. Nikifika nitasimama pale pale, sitaingia. Wewe toka uniite kwa jina langu, kwa sauti ile ile.

Abdulwahid